Nyumba ya Mapumziko Pangani: Anza na Aliyeshika Funguo

Kila ikikaribia Juni, na tena Desemba, swali ni lile lile kutoka Bendera, Ndungu, Kihurio na Maore. Ukoo unataka kwenda baharini siku tatu nne. Watu kumi hivi, wajipikie, walale chini ya paa moja, na wasitozwe bei ya watalii. Waende wapi, na waanze na nani?

Jibu langu kwa watu wa upande huu wa Same ni Pangani. Bagamoyo ni mbali kwetu, Mombasa ina mambo ya mpakani, na Tanga mjini ni pazuri lakini ukitaka nyumba iliyokaa peke yake karibu na mchanga utasogea nje ya mji tu. Pangani ni mji wa kale wa Waswahili, makao makuu ya wilaya, umekaa pale mto unapoingia baharini. Maji ya bonde la Mkomazi, haya haya tunayogombania mashambani, huingia Mto Pangani na kumalizikia hapo. Kwa hiyo hatuendi ugenini sana.

Nyumba zenyewe ni za aina tatu: vibanda vya wenye hoteli ndogo za ufukweni, nyumba binafsi za watu wa Tanga, Dar es Salaam au Ulaya wanaozipangisha wasipokuwepo, na nyumba za kawaida za mjini ambazo mwenyewe huhamia kwa ndugu siku za wageni. Makala haya yanahusu zaidi aina ya pili, maana ndiyo inayofaa ukoo na ndiyo inayoleta matatizo.

Unapanga mtu, si ukuta

Watu huchagua nyumba kwa picha. Ukuta mweupe, minazi, kitanda chenye chandarua kilichofungwa fundo. Picha haisemi kama pampu ya maji inafanya kazi. Nyumba ya pwani hukaa tupu wiki nyingi, chumvi inakula kufuli na bawaba, na mwenye nyumba yuko mbali. Anayejua hali halisi ni mmoja tu: msimamizi aliyeshika funguo. Akiwa mtu makini, nyumba ya kawaida itawafaa sana. Akiwa mzembe, nyumba ya kifahari itawaacha bila maji saa mbili usiku na simu yake haipatikani.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei, uliza: nani anaishi hapo, na je, naweza kuongea naye mwenyewe? Mwenye nyumba au dalali akikataa kukupa namba ya msimamizi hadi ulipe kwanza, mshukuru, tafuta nyumba nyingine.

Namna ya kuitafuta

1. Anza na watu. Karibu kila kijiji cha kwetu kina mwalimu, muuguzi au dereva aliyewahi kupangiwa kazi wilaya ya Pangani au Muheza. Mtu huyo ana thamani kuliko matangazo yote ya simuni.
2. Ukipata nyumba mtandaoni, iwe Airbnb au kwenye kundi la WhatsApp, omba kupigiwa simu ya video kutoka pale pale. Msimamizi aanzie chumbani, apite jikoni, afungue bomba maji yaonekane yakitoka, aende chooni, kisha atembee hadi ufukweni bila kukata. Hapo utaona umbali kamili. Maneno "hatua chache kutoka baharini" yana tafsiri nyingi.
3. Uliza jina la kijiji na kitongoji, halafu jina la mwenyekiti wake. Msimamizi wa kweli atajibu papo hapo. Tapeli atasema ngoja nikuulizie.
4. Linganisha nyumba mbili au tatu, si kumi. Ukilinganisha kumi utachoka, utachukua ya mwisho kwa hasira.

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi na kamili. Nakili huu ukitaka, badilisha tarehe na idadi:

*Habari. Tuko watu wazima 7 na watoto 4, tunatoka Same. Tunahitaji nyumba nzima, usiku wa tarehe 27, 28 na 29 Desemba. Tunajipikia. Tuna gari moja na dereva. Naomba bei ya nyumba nzima kwa usiku, na nini kimo ndani ya bei hiyo. Naomba pia namba ya msimamizi aliyepo hapo.*

Angalia neno *nyumba nzima*. Usipoliandika unaweza kutajiwa bei ya chumba ukadhani ni ya nyumba, au mkafika mkakuta chumba kimoja kimefungwa na mgeni mwingine yumo.

Fedha iende taratibu

Hapa ndipo watu huumia, na utapeli wenyewe hauna ugeni wowote. Ni ndugu yake yule wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Picha ni za nyumba ya kweli iliyopo, ila anayeongea nawe hana uhusiano nayo. Atakuambia kuna familia nyingine inaitaka leo jioni, lipa upesi.

- Usilipe zaidi ya theluthi moja kabla ya kufika. Nusu ni mwisho kabisa, tena kwa sikukuu tu.
- Kabla ya kuweka namba ya siri, simu inakuonyesha jina la mpokeaji. Lilinganishe na jina ulilotajiwa. "Hiyo laini ni ya mke wangu" inaweza kuwa kweli, lakini basi mke wake aongee nawe.
- Salio lilipwe mkishaingia, mkishaona maji, umeme na vitanda. Si getini.
- Amana ya uharibifu, kama ipo, itajwe peke yake. Ikichanganywa na kodi hamtarudishiwa.
- Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Haitakurudishia fedha, ila huyo mtu anaweza kufungiwa laini kabla hajamfikia jirani yako.

Watani wetu husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya mbuzi. Waacheni wacheke. Kwenye jambo hili ugonjwa wetu wa kupenda maandishi ni dawa. Si lazima wakili. Ujumbe mmoja wa simu unatosha, wenye tarehe, idadi ya watu, bei, kilicholipwa, kilichobaki, na sharti la kuahirisha: mkipata msiba, je, malipo ya awali yanahamia tarehe nyingine au yamepotea? Mtumie, na usubiri ajibu "nimekubali". Jibu hilo ndilo mkataba wenu. Lipige picha ulihifadhi.

Maswali ambayo watu husahau

Bei na vyumba kila mtu huuliza. Haya ndiyo yanayosahaulika:

- *Maji ya kunywa na kupikia yanatoka wapi?* Visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi. Yanafaa kuogea, hayafai chai, na maharage yatakusumbua kuiva. Jua mapema kama mtanunua maji kwa madumu.
- *LUKU ni juu ya nani?* Sema wazi: mnakuta yuniti ngapi, na zikiisha nani ananunua. Kama ni umeme wa jua, uliza kama unavuta friji usiku kucha. Samaki wanategemea jibu hilo.
- *Gesi ipo au mkaa?* Mtungi mtupu Jumapili jioni ni tatizo kubwa kuliko unavyofikiri.
- *Masufuria yana ukubwa gani?* Nyumba nyingi zina vyombo vya watu wanne. Ukoo wa watu 11 wanaotaka makande wabebe sufuria lao.
- *Vyandarua vingapi, na vina matundu?* Malaria ipo pwani kama ilivyo huku kwetu tambarare. Anayetoka milimani, Mamba au Suji, ndiye hujisahau zaidi.
- *Dereva atalala wapi?* Karibu kila mtu husahau hili. Akilala kwenye kiti cha gari, ndiye atakayewarudisha kesho.
- *Kuna mlinzi usiku?* Na je, analipwa na mwenye nyumba au anategemea ninyi?
- *Pombe, muziki, na kuchinja mbuzi vinaruhusiwa?* Kila nyumba ina sheria yake.

Upande wa mji au ng'ambo ya mto?

Uamuzi huu una uzito kuliko idadi ya vyumba. Mto Pangani unaigawa sehemu hii pande mbili. Kaskazini kuna mji wenyewe, soko, hospitali, mawakala wa fedha, na fukwe za kuelekea Tanga. Kusini, ukivuka hadi Bweni, kuna barabara ya kwenda Ushongo, kama kilometa 15, na mbele zaidi Sange, Kipumbwi, Mkwaja na Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Ushongo ndiko kuzuri. Siwezi kuwadanganya: mchanga ni mrefu, watu ni wachache, minazi inafika karibu na maji. Lakini kufika kwake kumetegemea kivuko cha serikali, cha TEMESA, nacho hakivushi saa zote za usiku, na kikipata hitilafu mnasubiri. Daraja la Mto Pangani limekuwa likijengwa kama sehemu ya barabara ya Bagamoyo, Saadani hadi Tanga. Mpigie msimamizi wiki mnayosafiri, umuulize magari yanapita wapi wiki hiyo. Usitegemee alichokuambia aliyekwenda mwaka juzi.

Kipimo changu ni hiki. Mkiwa na mtoto mchanga, mjamzito, au mzee anayetumia dawa za kila siku, kaeni upande wa mji, karibu na hospitali. Mkiwa watu wazima wenye afya na gari lenu, vukeni mto. Na mkivuka, nunueni kila kitu kabla ya kivuko. Ushongo kuna maduka ya kijijini, yana sukari, sabuni na vocha. Usitegemee kupata nyanya za watu 11.

Chagua tarehe kwa kuangalia mwezi angani

Sisi wa bonde na milima tunapanga safari kwa kalenda ya shule. Bahari haina habari na shule. Familia nyingi hufika saa 4 asubuhi, watoto wamevaa nguo za kuogelea, wakakuta maji yameondoka hatua mamia kadhaa na kuacha tope, mawe na majani. Wanarudi wakisema Pangani hakuna bahari.

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache. Kila siku muda husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, kuna bamvua: maji hupwa mbali sana na kujaa juu sana, tofauti ikizidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu, tofauti ni ndogo.

Kwa pwani hii kuna kanuni rahisi ya kubeba kichwani:

- Siku za bamvua, maji hupwa karibu saa 4 hadi 5 asubuhi na kujaa karibu saa 10 hadi 11 alasiri. Asubuhi tembeeni juu ya mchanga, alasiri ogeleeni.
- Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji yapo juu katikati ya asubuhi na yako chini alasiri, lakini hayaendi mbali. Hizi ndizo nzuri kwa watoto wadogo.

Msimamizi au mvuvi yeyote atakupa saa kamili za wiki yako bila kufungua simu.

Upepo nao una zamu yake. Likizo ya Juni huangukia kusi: hewa ni ya baridi kidogo, bahari inachafuka, safari za mashua mara nyingine hazitoki. Likizo ya Desemba huangukia kaskazi: joto, maji safi zaidi, na bei za juu kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Masika, Machi hadi Mei, nyumba ni rahisi kwa sababu barabara na mbu ni ghali. Mtu asiyefungwa na shule aende Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, au baada ya tarehe 5 Januari. Krismasi yenyewe mnakula nyumbani Upare, wajomba wote wamerudi. Tokeni tarehe 27 kama mnataka, lakini lipeni malipo ya awali tangu Oktoba.

Njiani

Kutoka Bendera mnakwenda hadi Mkomazi kwenye barabara kuu, kisha Mombo, Korogwe, Segera, mnakata kushoto kuelekea Hale na Muheza. Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuendelea hadi Tanga, halafu kusini kama kilometa 50 hadi Pangani. Ya pili inakata Muheza moja kwa moja kupitia mashamba ya mkonge. Kwenye ramani ya simu hii ya pili ni fupi. Mvua ikinyesha, gari la chini kama Noah likiwa limejaa watu na gunia la mchele, ufupi wake hauonekani. Mwulize dereva wa Muheza, sio ramani.

Tokeni alfajiri. Lengo ni kufika saa za mchana, muione nyumba kukiwa na mwanga. Nyumba inayokaguliwa kwa tochi hupasi kila mtihani.

Toeni fedha taslimu Korogwe, Muheza au Tanga. Mwenye mashua, muuza samaki na mlinzi wote wanapenda noti.

Chakula

Bebeni mchele wa Ndungu, tangawizi ya milimani, maharage na mahindi ya makande. Machungwa nunueni Muheza. Nazi msibebe, mnakwenda kwenye nazi. Ila kumbukeni kwamba kila mnazi una mwenyewe, hata unaoonekana umesimama peke yake ufukweni. Kijana wenu akipanda kuangua madafu bila kuuliza, mtaanza likizo kwa faini.

Samaki nunueni mashua zinapotua, si baada ya jua kuwaka. Mwombeni msimamizi au mpishi wa hapo awasindikize siku ya kwanza. Mtapata bei ya mtu anayejulikana. Changu na tasi wanafaa kukaanga, nguru na kolekole wanafaa mchuzi wa nazi wa watu wengi. Usiku wa mbalamwezi mashua za dagaa nyingi hazitoki, kwa hiyo bamvua ya mwezi mpevu msipange kurudi na magunia ya dagaa.

Kusini mwa Upare Wasabato ni wengi, na swali lao hunifikia kwa sauti ya chini: pwani si ni pweza, kamba na kaa tu? Hapana. Samaki wenye mapezi na magamba ni wengi kuliko hao. Ila ukiajiri mpishi wa hapo, mwambie mapema, la sivyo atawapikia pweza wa nazi kwa heshima kubwa na mtamvunja moyo. Na kama mnaitunza Sabato, manunuzi yote yaishe Ijumaa mchana, nyumba isiwe ya kubadilishwa Jumamosi.

Kuajiri mpishi ni jambo jema hata kwa familia inayojipikia. Bila hivyo, likizo ni ya wanaume na watoto, huku mama na shangazi wakibadilisha jiko tu.

Watoto na maji

Hapa sina utani. Watoto wetu wamezoea mfereji wa shamba na, wachache, Bwawa la Kalimawe. Bahari huvuta. Na kwenye fukwe hizi usitarajie mwokoaji anayelinda waogeleaji.

1. Msiogee kwenye mdomo wa mto wala mtoni. Mkondo una nguvu hasa maji yanapokupwa, na Mto Pangani una mamba.
2. Mtu mzima mmoja kwa zamu, hana simu mkononi, hali chakula, anatazama watoto tu. Zamu iwe na jina lake. "Sote tunawaangalia" maana yake hakuna anayewaangalia.
3. Maji yasipite kiuno cha mtoto asiyejua kuogelea.
4. Vaeni viatu vya raba maji yakiwa yamekupwa. Kwenye mawe kuna viumbe vya miiba mirefu myeusi. Mwiba ukivunjikia mguuni, likizo ya mtoto huyo imekwisha.
5. Msikae wala kulaza mtoto chini ya mnazi wenye nazi.

Mkitaka kwenda Maziwe, fungu la mchanga mbele ya Ushongo, jueni kwamba hufunikwa maji yakijaa. Siku hizi hakuna mti hata mmoja pale, ni mchanga mtupu. Kwa hiyo safari hupangwa kwa maji kupwa, na siku za bamvua hiyo ni asubuhi. Ni hifadhi ya bahari, ina kiingilio, Mtanzania analipa pungufu ya mgeni; daini stakabadhi ya serikali. Kwenye mashua, kila mtu jaketi okozi lake, likiwa limevaliwa. Nahodha akisema leo bahari si nzuri, msimwongeze fedha.

Mji una wenyewe

Pangani si ufukwe uliojengewa nyumba. Ni mji wenye misikiti, makaburi, milango ya kuchongwa na watu wanaokumbuka mambo. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888, alinyongwa hapa Desemba 1889. Tengeni asubuhi moja mtembee mjini na mtu anayejua, muone boma na majengo ya zamani kando ya mto. Watoto wamesoma habari hizi darasani. Waone mahali penyewe.

Nguo za kuogelea zibaki ufukweni. Ukienda sokoni, jifunge kanga, vaa kanzu au shati. Ramadhani msile barabarani mchana. Adhana ya alfajiri itawaamsha. Hiyo haimo kwenye malalamiko.

Siku ya kwanza mkuu wa msafara aende na msimamizi kumsalimia mwenyekiti wa kijiji au kitongoji. Ni dakika kumi tu. Mkipotelewa na kitu, au mtoto akichelewa kurudi, mtakuwa wageni wanaojulikana. Na ufukwe mbele ya nyumba mliyopanga si wenu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, na wavuvi hupita na kuanika nyavu zao kama walivyofanya siku zote. Mkiona mashua imepandishwa mbele ya baraza yenu, salimieni. Huenda ndiyo itakayowaletea samaki wa kesho.

"Lakini..."

*Si rahisi kulala gesti mjini?* Kwa watu wawili, ndiyo, na ningewashauri hivyo. Fanya hesabu ya ukoo. Tuseme, kwa mfano tu, nyumba ni shilingi 180,000 kwa usiku na mko watu wazima 9: kila mmoja ni 20,000, na jiko mnalo. Chini ya watu wazima watano, nyumba nzima haina faida.

*Ndugu yetu wa nje ya nchi anataka kulipia kwa kadi, sisi tuna kazi gani?* Mwacheni alipe, lakini mmoja wenu aongee na msimamizi. Alipaye kutoka mbali hawezi kujua kwamba nyota tano zilitolewa na wageni wawili waliokaa bila kupika.

*Tukifika tukikuta si nyumba ile?* Msipakue mizigo. Pigeni picha, mpigieni mwenye nyumba mbele ya msimamizi, na muwe na jina la gesti moja mjini mkononi tangu nyumbani. Salio hamjalipa, ndiyo maana mna sauti. Mkishapakua na watoto wakaingia majini, mmeshakubali.

*Kuna haja ya kumlipa msimamizi pembeni?* Mshahara wake si kazi yenu. Ila akiwa amewachotea maji na kuwatafutia samaki, mpeni siku ya mwisho, mkononi, si kupitia kwa mwenye nyumba.

Siku ya kuingia na siku ya kutoka

Mkiingia, mtu mmoja azunguke na msimamizi akipiga picha za simu: mita ya LUKU, mtungi wa gesi, kioo kilichopasuka, mguu wa kitanda uliolegea, idadi ya vikombe. Vitu vibovu vitajwe saa hiyo hiyo kwa ujumbe. Hakuna ugomvi wa amana unaoshinda picha yenye tarehe.

Usiku wa mwisho safisheni vyombo na kusanyeni takataka. Ulizeni zinatupwa wapi; msizifukie mchangani, maji ya bamvua yatazifukua. Makombe hai, matumbawe na chochote cha kasa msibebe. Kasa analindwa na sheria, na hutaga mayai yake kwenye mchanga wa Ushongo huo huo.

Asubuhi zungukeni tena na zile picha. Kama mko ng'ambo ya mto, hesabuni saa za kivuko kurudi nyuma: foleni, kuvuka, Tanga, Muheza, Segera, na kipande cha Mkomazi hadi Bendera ambacho hakuna anayetaka kukipita gizani. Amana irudi kwenye simu yako kabla begi la mwisho halijaingia kwenye gari, na dereva awe amekunywa chai.